Sungura wa Manyoya Marefu katika Mitaa ya Eastlands: Mapokezi na Kinga ya Maradhi

Msomaji wa fasihi simulizi amezoea kumwona Sungura akimhadaa Fisi, akimkejeli Simba na kuponea chupuchupu pale ambapo wakubwa wake wanaangamia. Ujanja huo ndio uliomfanya awe mhusika mpendwa katika ngano za Afrika Mashariki. Hata hivyo, sungura anayefugwa katika kizimba nyuma ya nyumba mtaani Kaloleni, au kwenye roshani ya ghorofa ya nne huko Umoja, ana ujanja wa aina moja tu, nao ndio unaomwangamiza: anajua kuficha maradhi. Kwa asili yeye ni mnyama anayewindwa, na mnyama anayewindwa hathubutu kuonyesha udhaifu. Halii anapoumwa na tumbo. Hujikunyata pembeni akatulia, na mwenye nyumba hudhani amepumzika. Mara nyingi ugonjwa hutambuliwa siku moja tu kabla ya mauti.

Makala haya yanafafanua namna ya kumpokea sungura wa manyoya marefu, yaani yule aitwaye Angora au chotara wake, aliyeokolewa kutoka katika mazingira mabaya na kuletwa katika makazi ya Eastlands jijini Nairobi. Hoja inayoongoza ufafanuzi huu ni kwamba kwa mnyama wa namna hii kinga ndiyo tiba yenyewe, kwa sababu tiba ya kawaida aghalabu hufika ikiwa imechelewa.

Jina moja, wanyama wawili

Kabla ya kuendelea, kuna suala la istilahi ambalo lina athari katika malezi. Kiswahili hutumia neno "sungura" kwa wanyama wawili tofauti. Yule wa ngano zetu ni wa porini, wa jenasi ya Lepus. Huzaliwa akiwa na manyoya na macho yaliyofunguka, naye huishi juu ya ardhi akitegemea mbio. Yule wa kizimbani ni Oryctolagus cuniculus, aliyetokana na sungura wachimbao mashimo huko Uhispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Vitoto vyake huzaliwa uchi na vipofu. Jina hilo moja limewafanya watu wengi waamini kwamba sungura wa nyumbani akichosha anaweza kuachiliwa katika uwanja ulio karibu "arudi porini". Hana pori la kurudia. Atauawa na mbwa, paka au njaa kabla ya juma kwisha, na mwenye manyoya marefu atatangulia kwa sababu manyoya hunasa kila mwiba na kila tone la matope.

Jina "Angora" nalo linatokana na jina la zamani la Ankara, mji mkuu wa Uturuki, ambao ulisifika pia kwa mbuzi wenye singa ndefu. Sungura hawa hufugwa kwa sababu ya manyoya yao, ambayo husokotwa kuwa uzi mwepisi wenye joto. Mwaka 2013 picha za video kutoka China zilizoonyesha sungura wakinyonyolewa wakiwa hai ziliyafanya maduka makubwa ya mavazi barani Ulaya yasitishe biashara ya bidhaa za Angora. Tukio hilo linakumbusha kwamba manyoya hayo hukua juu ya ngozi nyembamba mno, yenye kuhisi kila mvuto.

Wanavyojikuta mitaani

Ufugaji wa sungura si jambo geni Eastlands. Katika mitaa iliyojengwa enzi za ukoloni na baadaye ile ya miaka ya 1970 kama vile Buruburu, vizimba vya mbao na wavu vimekuwa sehemu ya maisha ya vijana kwa muda mrefu. Serikali nayo imekuwa na kituo cha kuzalisha sungura huko Ngong, ambako wafugaji hupata mbegu bora. Takriban miaka ya 2010 kulikuwa na vuguvugu kubwa la kuhimiza ufugaji huu kwa ajili ya nyama, na wengi waliingia kwa matumaini ya soko ambalo halikuwatosha wote. Soko linapokosekana, sungura husahauliwa. Wengine hununuliwa wakati wa sikukuu kuwafurahisha watoto, kisha familia inahama nyumba na mnyama anaachwa kwa bawabu. Angora ndiye hupendwa haraka na kuchosha haraka, maana uzuri wake unadai kazi kila siku.

Kwa hivyo anayeokolewa hufika akiwa katika hali inayofanana: manyoya yamefumana kama mkeka, kucha zimejipinda, sehemu za nyuma zimechafuka kwa mkojo, na chini ya fungu lile kubwa la manyoya mna mwili uliokonda. Kumtazama hakutoshi. Ni sharti kumpapasa uti wa mgongo na mbavu, kwani manyoya huficha njaa vizuri kuliko nguo inavyomficha binadamu.

Majuma ya mwanzo

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hastahili jembe hata kidogo. Anahitaji kona tulivu, mbali na redio na miguu ya watoto, yenye sanduku la kujifichia. Kumshika kila mara kwa nia ya kumzoesha kunaweza kumtia hofu inayosimamisha tumbo lake. Anapobebwa asinyanyuliwe kwa masikio, ingawa ndivyo afanyavyo karibu kila muuzaji sokoni. Mkono mmoja uwe chini ya kifua na wa pili uwe chini ya makalio, kwa sababu miguu ya nyuma ina nguvu nyingi kuliko uti wa mgongo, na teke moja la hewani linaweza kuuvunja.

Iwapo nyumbani tayari wamo sungura wengine, mgeni atengwe kwa majuma yasiyopungua mawili. Manne ni bora zaidi. Karantini hii haimaanishi kumweka kizimba cha pili ubavuni mwa cha kwanza. Vyombo viwe tofauti, mwenyeji awahudumie wale wazima kwanza ndipo amwendee mgeni, kisha anawe mikono. Katika chumba kimoja cha kupanga jambo hili ni gumu, lakini hata pazia, umbali wa mita chache na beseni la maji ya sabuni hupunguza hatari.

Kinga nyingine ambayo gharama yake ni ndogo ni mizani. Angora mzima kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 2 na 4 kulingana na mbegu yake. Apimwe mara moja kwa juma, siku ileile, na tarakimu ziandikwe katika daftari. Sungura anaweza kulificha jino linalomuuma, ila hawezi kuificha gramu 200 zilizopungua.

Aidha, aangaliwe kinyesi chake kila asubuhi. Punje ziwe duara, kavu na nyingi. Zikianza kuwa ndogo, au zikitoka zimeunganishwa na manyoya mithili ya shanga zilizotungwa uzini, hiyo ni ishara kwamba anameza manyoya kupita kiasi na kwamba tumbo limeanza kwenda polepole. Kuna pia kinyesi laini chenye kunata ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini, hasa usiku. Wenye nyumba wengi hushtuka wakiona hivyo na kudhani ni wazimu. Sivyo. Chakula hupita tumboni mara mbili ili virutubishi vilivyotengenezwa na bakteria visipotee. Asiyekila ndiye wa kutiliwa shaka, kwani huenda amenenepa mno au manyoya yanamzuia kukifikia.

Manyoya kama chanzo cha maradhi

Manyoya ya Angora hukua takriban sentimita 2 na nusu hadi 3 kwa mwezi. Yasipokatwa, hufumana kwapani, nyuma ya masikio, chini ya kidevu na chini ya mkia. Fundo la manyoya huvuta ngozi kila mnyama anapopiga hatua, huzuia hewa, na chini yake ngozi hulowa, huoza na kunuka. Nzi wa mjini, ambao majalala ya Eastlands hayawapungukii kamwe, hutaga mayai katika manyoya yenye kinyesi, na funza wake huweza kuila ngozi ya mnyama aliye hai katika muda wa siku moja au mbili. Fauka ya hayo, sungura hujilamba kama paka lakini hawezi kutapika. Kila unywele anaoumeza hauna budi kupita hadi mwisho au ubaki tumboni.

Kwa aliyeokolewa, hatua ya kwanza ni kunyoa. Kuchana mafundo makubwa ni kumtesa. Mkasi wenye ncha butu ulazwe sambamba na ngozi, fundo likatwe kidogo kidogo, wala lisivutwe juu, maana ngozi hunyanyuka pamoja na manyoya na hukatika kama karatasi. Si lazima kazi yote imalizwe siku moja. Robo saa asubuhi na robo saa jioni kwa siku tatu humchosha mnyama kidogo kuliko saa mbili za mapambano. Yaliyofumana sehemu za siri na kwapani ni heri yaachiwe daktari. Baada ya hapo, asiyefugwa kwa ajili ya uzi hana sababu ya kubaki na manyoya marefu. Anyolewe kila baada ya miezi mitatu hivi, na katikati achanwe mara mbili au tatu kwa juma. Kumwogesha ndani ya maji kuepukwe, kwani hofu na baridi vimewaua sungura wengi kuliko uchafu ambao maji yalikusudiwa kuuondoa.

Majira nayo huzingatiwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai una baridi ya kutosha kumdhuru sungura aliyenyolewa jana. Awekwe ndani, apewe nyasi kavu nyingi za kulalia kwa siku kadhaa. Kinyume chake, kuanzia Januari hadi Machi kizimba kilicho chini ya mabati huko Kayole au Dandora hugeuka tanuri saa nane mchana. Sungura hatoi jasho, bali hupunguza joto kupitia masikio yake. Joto likipita nyuzi 30, mwenye manyoya marefu yumo hatarini. Chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kwa kitambaa na kulazwa kizimbani, humsaidia. Gunia lililoloweshwa na kuning'inizwa upande wa jua linasaidia pia.

Chakula ndicho dawa ya meno

Meno ya sungura hayakomi kukua. Yale ya mbele huongezeka takriban milimita 2 kwa juma, na kinachoyasaga yote ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Kwa hiyo zaidi ya robo tatu ya chakula chake iwe nyasi kavu. Marobota ya Boma Rhodes huuzwa katika maduka mengi ya pembejeo na dawa za mifugo. Robota moja ni kubwa kuliko hitaji la sungura mmoja, hivyo majirani wanaofuga wanaweza kuligawana, mradi lihifadhiwe pakavu na juu ya mbao, mbali na panya.

Karoti, ambayo picha za vitabu vya watoto zimeifanya kuwa chakula cha sungura, ina sukari nyingi na inafaa kuwa kionjo tu. Mkate, ugali uliobaki na mahindi huvuruga tumbo. Sukuma wiki ni nzuri kwa kiasi, ikichanganywa na majani mengine. Ikitolewa peke yake kila siku huleta gesi na madini ya kalisi kupita kiasi. Majani ya viazi vitamu na kishona-nguo yamelisha sungura wa Kenya kwa vizazi vingi, nayo yanyaushwe kivulini kwa saa kadhaa kabla ya kutolewa. Majani ya parachichi ni sumu. Nyasi zilizokatwa kando ya mitaro ya maji machafu au kwenye ukingo wa Mto Nairobi zisikubaliwe hata zikiwa za bure, kwani huko hupita mbwa, panya na taka za viwandani.

Chakula cha punje kinachouzwa katika magunia kinafaa kwa kiasi kidogo, lakini kinusweni na kukaguliwa. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi kwa sumukuvu, ile ile ambayo mwaka 2004 iliwaua zaidi ya watu 120 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yenye kuvu. Chakula kilichoshikana mabonge au chenye harufu ya uvundo kitupwe. Kumpa mnyama kwa kuwa binadamu amekikataa ni kumpa sumu.

Msaada unaoua

Upele ndio ugonjwa utakaomkabili mwokozi mapema zaidi. Huanzia masikioni, puani au vidoleni kwa maganda meupe na mwasho. Katika mitaa mingi tiba inayotolewa ni oili chafu ya gari, mafuta ya taa au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ukweli ni kwamba kupe au viroboto huenda wakafa, lakini sungura hujilamba na kumeza kila alichopakwa. Daktari huwa na dawa inayodungwa au kudondoshwa kwenye ngozi kulingana na uzito, na kipimo cha sungura wa kilo 3 hakikisiwi kwa kutazama chupa iliyoandikiwa mbuzi. Dawa ya viroboto yenye fipronili, ambayo hutumiwa kwa mbwa na paka bila matatizo, inaweza kumuua sungura.

Hatari ya pili iko katika duka la dawa za binadamu. Mwenyeji anayeona kamasi puani hununua amoksilini au ampisilini, akafungua kidonge na kumnywesha mgonjwa. Dawa hizo zikipitia kinywani huua bakteria wema wa utumbo wa sungura, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wenye kutoa sumu. Mnyama huharisha na kufa, na lawama hutupiwa kamasi.

Hali kadhalika, dawa ya minyoo haiponyi koksidiosisi. Maradhi hayo ya tumbo na ini, ambayo yana jina moja na yale ya kuku ingawa vijidudu vyake ni vingine, husababishwa na vimelea ambavyo si minyoo. Huwakumba zaidi wachanga wanaolalia kinyesi. Sakafu kavu, kizimba kinachofagiliwa kila siku na chombo cha chakula kilichoinuliwa ndivyo kinga yake. Badala ya kununua dawa kwa kubahatisha, punje chache za kinyesi kibichi zipelekwe zikapimwe.

Kwa upande wa binadamu, choa huambukiza kutoka kwa sungura hadi kwa mtoto, na kichwani huonekana kama mapunye. Mikono inawe baada ya kumshika mgeni, hasa majuma yale ya mwanzo.

Suala la chanjo

Wenye kusoma vitabu vya Ulaya hukutana mara moja na ratiba za chanjo za ugonjwa wa kutokwa damu wa sungura. Ugonjwa huo una historia inayowagusa moja kwa moja wapenzi wa Angora: ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 nchini China, katika kundi la sungura wa Angora walioagizwa kutoka Ujerumani. Mwaka 2010 aina mpya ya virusi hivyo iliibuka Ufaransa, na mwaka 2020 ugonjwa uliripotiwa Nigeria. Virusi husafiri kwa viatu, majani, nzi na vizimba vilivyokwisha kutumika, na vinaweza kuua sungura aliyeonekana mzima jana.

Uamuzi wa kuchanja hutegemea ugonjwa ulipo na chanjo iliyoidhinishwa nchini, hivyo swali hili huulizwa kwa daktari katika ziara ya kwanza. Hata hivyo, chanjo haiwezi kuchukua mahali pa karantini. Kizimba cha kuazima kisitumiwe bila kusuguliwa na kuanikwa juani. Sungura kadhaa wakifa ghafla, mizoga isitupwe jalalani, bali ofisi ya mifugo iarifiwe.

Jike ana hatari yake mwenyewe. Aliyeokolewa huenda amekwisha kutungwa mimba, ambayo huchukua takriban siku 31, kwa hiyo asichanganywe na dume na aandaliwe sanduku la kuzalia iwapo ataanza kujinyonyoa manyoya ya kifua. Zaidi ya hayo, saratani ya mji wa mimba ni ya kawaida mno kwa majike wasiozalishwa. Katika baadhi ya mbegu, zaidi ya nusu ya waliopita umri wa miaka 4 wameonekana kuwa nayo. Kumtoa mji wa mimba akiwa kijana ndiyo kinga, lakini kufanywe na daktari aliyezoea usingizi wa sungura. Tena sungura hafungishwi chakula kabla ya upasuaji kama mbwa, na anayeagiza hivyo anafaa kuulizwa ni sungura wangapi amewahi kuwapasua.

Safari ya kwenda kwa daktari

Daktari huyo atapatikana wapi? Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo na hospitali ya wanyama katika bewa la Kabete. KSPCA, chama cha kutetea wanyama chenye makao Karen, hupokea taarifa za wanyama wanaoteswa, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkosaji anayemnyima mnyama wake chakula na matunzo. Katika mitaa yenyewe wako wahudumu wengi wa mifugo. Aliye na sifa husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kumwomba cheti chake si utovu wa adabu.

Tatizo ni umbali. Kutoka Kayole hadi Kabete ni kuuvuka mji mzima, na katika msongamano wa magari safari hiyo huweza kula saa mbili. Mgonjwa asafirishwe alfajiri, ndani ya katoni imara iliyotobolewa matundu, chini yake pakiwa na taulo, na kando yake nyasi zilezile alizozizoea. Katika matatu katoni isiwekwe juu ya injini wala kwenye buti. Safari hii isingojee dharura. Ipangwe katika juma la kwanza au la pili, wakati mnyama angali anakula, ili meno, masikio, uzito na kinyesi vikaguliwe na nambari ya simu ya daktari ibaki nyumbani.

Nambari hiyo itahitajika siku ambayo sungura atakataa nyasi asubuhi na bakuli likutwe vilevile jioni. Saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni dharura, hata kama macho yake yanang'aa na masikio yamesimama. Asingojewe mpaka kesho. Awekwe mahali penye joto la wastani, asinyweshwe dawa yoyote ya dukani, na daktari apigiwe usiku huohuo.